Taji la Aliyezikwa

Mmenitukana wiki nzima, nimesikia. Mmoja wenu kanipigia simu kutoka Urambo, anauliza ni mwandishi wa aina gani anayemwacha mtu wa watu ameshika kitasa cha mlango siku zote hizo, huku nje kuna anayebisha kwa ngumi. Haya, msinimalize. Mlango naufungua sasa hivi.

Nje ya chumba cha kubadilishia nguo alisimama mwanamume mwenye sura ya Mwanne.

Sisemi anafanana naye. Nasema sura ni ile ile: pua ile, nyusi zile, na mwanya ule wa mbele ambao majaji walikuwa wametoka kuusifu jukwaani. Tofauti ilikuwa ndevu, ngozi iliyopigwa jua la shamba, na pama kubwa kichwani.

"Doto," alisema yule mwanamume.

Mwanne alijishikiza kwenye fremu ya mlango.

"Kulwa," alijibu.

Na wewe uliyepata gazeti hili limefungiwa maandazi, usiyejua tulikotoka, nikupe kwa ufupi. Mzee Mahona wa huko Nzega alizaa mapacha. Kwa Wanyamwezi jina la pacha halichaguliwi: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume. Hawa wote wawili walihesabiwa wavulana. Kulwa akakua akawa mwanamume. Doto akakua akijijua ni mwanamke. Akasema, akapigwa. Akasema tena, akapigwa zaidi. Akatoroka. Mwanza, kisha Dar, saluni hii na saluni ile, dawa, maumivu, upweke, jina jipya. Leo anaitwa Mwanne, na alasiri hii ya Jumapili yumo katika watano wa mwisho wa shindano la Malkia wa Asali, hapa hapa Tabora mjini. Atakayeshinda anakwenda Dar kuuwakilisha mkoa. Siri yake tunaijua mimi na wewe tu. Na sasa Kulwa.

Mwanne alimvuta ndani kwa mkono wa shati, akafunga mlango kwa mgongo.

"Umekuja kunipiga?"

"Hapana."

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Baba ndiye kakutuma?"

Kulwa alivua pama, akaizungusha mikononi. "Baba hajui kama niko huku. Mama anajua."

Kusikia mama anajua, Mwanne alitaka kuuliza mambo kumi kwa pamoja. Nje muziki ulikuwa unalia, na sauti ya mshereheshaji Nasri ilikuwa inawatania watu wa Tabora kuhusu babu zao waliobeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo.

"Umenijuaje?"

"Bango la shindano. Pale mtaa wa Ng'ambo. Tulileta mpunga, mimi na jirani yangu. Akaniambia, Kulwa, nani kakuvisha hereni? Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko yeye. Kisha nikaenda nyuma ya lori nikatapika."

"Sasa umeniona. Rudi kwenye mpunga wako."

"Doto, nisikilize."

"Naitwa Mwanne."

"Hilo jina la bibi."

"Bibi alinipa mwenyewe. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananiita hivyo, nyuma ya nyumba, akinisuka. Hukujua?"

Kulwa hakujua. Alikaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, katikati ya magauni yaliyoning'inizwa, akainamisha kichwa.

"Nyumbani tulikuzika," alisema.

Mwanne alijua kwamba baba yake aliwaambia watu hana mtoto huyo tena. Alidhani ni maneno ya hasira. Kuzikwa hakukujua.

"Mlizika nini, Kulwa? Mimi niko hapa. Mlizika nini?"

"Kibuyu."

Wasomaji wa mjini, msicheke. Kwa ukoo wa Mahona pacha aliyepotea haachwi hewani. Akifa mbali na mwili usionekane, wazee huchukua kibuyu, wakakivisha nguo yake ya mwisho, wakakizika na kukisemesha kama mtu. Wasipofanya hivyo, wanasema, aliyekufa atamvuta mwenzake. Kuchimba kaburi ni kazi ya pacha aliyebaki. Mzee Mahona, Mkristo wa kiti cha mbele kanisani, aliwatangazia watu kwamba Doto amezama ziwani Mwanza. Aibu ya mtoto aliyevaa gauni aliikimbia, akaukumbatia msiba. Watu walikuja na unga, na kuku, na pole zao. Kibuyu kilivishwa shati la shule la Doto.

"Nani alichimba?" aliuliza Mwanne.

"Anachimba pacha."

"Sikuulizi mila. Nakuuliza jina."

"Mimi."

"Na ulijua niko hai."

Kulwa alishika ukingo wa pama.

"Nilikupigia simu siku zile zile nilizotoroka. Nilikuwa nalala stendi Mwanza, nikaazima simu ya mama ntilie. Ulinijibu nini?"

"Baba alikuwa amesimama hapa." Kulwa alionyesha bega lake la kushoto. "Amesimama hapa, Doto."

"Ulinijibu nini?"

"Nilikwambia usipige tena."

Mwanne alicheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha hata chembe. Alikwenda kwenye kioo, akachukua kitambaa, akaanza kujipangusa chini ya macho ili wanja usimwagike. Miaka yote alimtetea Kulwa moyoni. Alijiambia Kulwa alikuwa mtoto, Kulwa aliogopa, Kulwa siku moja atapiga. Kumbe Kulwa alikuwa na jembe mkononi.

"Kilichokuleta ni nini?"

"Nimezika watoto wawili," alisema Kulwa. "Wa kwanza alikaa siku chache tu. Wa pili tulimpa jina la mama, Bertila. Alikuwa ameanza kukaa. Sasa Elieth, mke wangu, ana mimba tena, na wiki hizi ndizo zake. Mama alikwenda kwa mganga bila kumwambia baba. Mama hakueleza chochote, alikaa tu. Mganga akamwambia, ninyi mmezika mtu anayepumua, na kaburi linadai."

Mwanne alimwangalia kwenye kioo. Bertila alikuwa ameanza kukaa, na yeye shangazi yake hakuwahi kusikia hata jina. Hilo lilimuuma kuliko kibuyu.

"Pole," alisema, na alimaanisha.

"Anayefukua ni aliyezikwa. Ashike jembe mwenyewe, akitoe kibuyu, akivunje, aseme mimi Doto sikufa. Kesho jua linapochomoza. Gari nimekuja nalo."

"Baba atakubali?"

"Mama amesema baba akikataa, yeye anarudi kwao. Atakubali." Kulwa alisita. Alivuta mfuko wa rambo aliokuwa ameuweka miguuni. Ndani kulikuwa na suruali nyeusi na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri.

Mwanne aliziangalia zile nguo. Hakuzigusa.

"Hizi za nini?"

"Mganga anasema lazima arudi yule yule aliyeondoka. Kaburi linamjua mvulana." Kulwa alikuwa anazungumza na sakafu. "Na watu watakuwepo. Wajomba watakuwepo. Tutasema hukuzama, uliokolewa na wavuvi, ulikuwa Ukerewe. Watakukubali. Wakikuona hivyo ulivyo..."

"Nilivyo vipi?"

"Watakuua, Doto. Na mimi wataniua."

"Kwa hiyo mlizika kibuyu mkakivisha shati," Mwanne alisema polepole, "na sasa mnataka kibuyu cha pili, nacho mmekiletea shati lake. Mimi mwenyewe mnanitaka lini, Kulwa? Kuna siku mmenipangia?"

Kulwa aliukunja mdomo wa mfuko. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Mlango ukagongwa. "Watano bora, dakika mbili!" Ilikuwa sauti ya Madam Magreth, mwandaaji wa shindano, mama asiyejua kunong'ona.

"Nakuja!" Mwanne akamgeukia pacha wake. "Kaa viti vya nyuma. Usivue hiyo pama hata iweje. Nikishuka jukwaani tutaongea."

"Utakuja nyumbani?"

"Nimesema tutaongea."

Kulwa alitoka na mfuko wake kwapani. Mwanne alivuta pumzi, akanyoosha gauni, akageuka kuchukua hereni mezani.

Pazia la kona likafunguliwa.

Alitoka Julieth. Julieth wa mtaa wa Cheyo, binti mwenye shingo ndefu na sauti tamu, ambaye mji mzima ulishampa taji kabla shindano halijaanza. Alikuwa anahangaika na zipu ya ubavuni, na kama mnanifuatilia mtakumbuka kwamba wiki mbili zilizopita huyu huyu ndiye aliyemwazima Mwanne pini za nywele.

"Pole na msiba wako," alisema Julieth.

Mwanne aliiacha hereni ya pili mezani. "Umesikia nini?"

"Nilikuwa napambana na zipu. Masikio hayana zipu." Alimgeuzia ubavu. "Hebu nisaidie kupandisha."

Na Mwanne akapandisha. Akapandisha mpaka juu, kwa sababu mtu akishikwa pabaya anafanya hata asichotumwa.

"Asante. Sasa sikia, dada. Mimi sina ugomvi na wewe. Kila mtu na maisha yake, na kusema kweli umependeza kuliko hawa wengine. Ila ukiitwa tatu bora, wewe tumbo linakuuma. Unashika tumbo, unaomba radhi, unaondoka na kaka yako. Mimi nitakaa kimya mpaka kufa kwangu."

"Nisipoumwa?"

"Mimi nina mdomo."

"Na kwa nini usiseme sasa hivi? Magreth yuko hapo nje."

Julieth alitabasamu kwa huruma. "Nikisema sasa, shindano linavunjika. Polisi, waandishi, vurugu. Nani atakumbuka nani alivaa taji? Watakukumbuka wewe tu. Nakuhitaji uondoke vizuri, mpenzi."

Mnajua alichokuwa anatishiwa. Taji lilikuwa dogo kati ya hayo. Mtu wa aina yake akijulikana katikati ya ukumbi uliojaa, kuna mawe, kuna pingu, kuna video itakayozunguka kwenye simu za watu wanaocheka mpaka siku ya mwisho. Mwanne aliyaona yakiwapata wenzake Dar. Mmoja alimuuguza mwenyewe.

Alivaa hereni ya pili, akatoka bila kumjibu Julieth.

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Meza za mbele zilipangwa mitungi ya asali ya kila wilaya, na nyuki wawili watatu walikuwa wameifuata mpaka ndani. Nasri, Mzaramo wa Kisarawe aliyekodiwa kutoka Dar, alikuwa amewashika Wanyamwezi kwa utani tangu saa nane mchana, nao wakimrudishia, kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani husema lolote bila kukasirikiwa.

"Watani zangu wapagazi! Punguzeni kelele, hapa hakuna mzigo wa kubeba! Naita tatu bora!"

Akaita jina la kwanza. Binti wa Igunga.

Akaita la pili. Julieth. Vigelegele vya Cheyo vikapasua paa.

"Na wa tatu... Mwanne!"

Julieth aligeuza kichwa kidogo tu, akamtazama tumboni.

Mwanne alisogea mbele hatua kwa hatua, mgongo umenyooka, mikono yote miwili ikining'inia pembeni. Tumbo halikushikwa.

Kwa nini hakukimbia? Nami nilimuuliza hivyo, kwa sababu wahusika wangu hunisumbua usiku. Angeweza kushindania taji mkoa wowote ambako hakuna anayemjua Mahona. Lakini alikuja hapa kwa makusudi, bango lake alitaka litundikwe kwenye barabara ambayo watu wa kwao huleta mpunga. Alitaka waliomkana wapite chini yake. Uchungu ndio uliomleta, na uchungu haujui kuaga na kuondoka vizuri.

Likaja swali. Jaji, mama wa miwani, alilisoma kwa sauti: "Taja mila moja ya nyumbani kwenu ambayo ungependa iachwe, na utueleze sababu."

Binti wa Igunga alisema mahari makubwa. Julieth alisema ndoa za utotoni, akasema vizuri, akapigiwa makofi marefu.

Mwanne alikabidhiwa kipaza sauti. Alitafuta pama kule nyuma, akaiona.

"Kwetu pacha akipotea, anazikiwa kibuyu," alianza. "Wengi humu mnaijua hiyo. Ni mila ya huruma. Waliiweka kwa ajili ya mama asiye na mwili wa kulilia. Siombi iachwe. Naomba tu, kabla ya kuchimba, watu wapige simu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nasri alicheka mpaka akashika magoti.

Mwanne alingoja wamalize.

"Wapige simu, wamuulize huyo mtu kama amekufa, au ni wao waliomchoka. Kama ni kumchoka, wamwambie amewachosha, aende zake. Ardhi waiache. Ardhi inasubiri wafu, na wafu hatukosi."

Kicheko kilikatika. Mama mmoja meza ya mbele alichukua ncha ya kitenge, akajipangusa macho. Kisha wakaanza kupiga makofi, mmoja hapa, mwingine kule, mpaka ukumbi mzima ukasimama. Kule nyuma pama ilikuwa imeinama kabisa.

Majaji hawakukawia.

Wa tatu, Igunga.

Wa pili, Julieth.

Sitaki kuwachosha. Malkia wa Asali alikuwa Mwanne. Madam Magreth alimvika taji lenye umbo la sega, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia sikioni, "Mwanangu, umetisha." Karatasi za rangi zilimwagwa. Mwanne alilia waziwazi, wanja ukamwagika, na hakujali, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kusimama mbele ya watu wa kwao na wao wakafurahi kumwona. Furaha hiyo aliipata. Naiandika hapa ili asije mtu akasema hakuipata.

Ilidumu mpaka Nasri aliposema, "Sasa malkia haoti kama uyoga! Ana kwao! Wazazi, ndugu, jamaa wa malkia wetu, pandeni tuwaone, mpige picha!"

Hakupanda mtu.

"Nimekuja peke yangu," alisema Mwanne haraka. "Ndugu zangu wako mbali."

Julieth, aliyevishwa mshipi wa nafasi ya pili, alisogea kwenye kipaza sauti. Sasa hakuwa na cha kupoteza. Sauti yake ilikuwa tamu kuliko asali ya mezani.

"MC, malkia wetu ana haya. Kaka yake yupo. Yule kule nyuma, mwenye pama. Nilimwona akija kumwona chumbani."

Vichwa vyote viligeuka.

Kulwa alisimama ili atoke. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, angekaa. Watu walidhani anakwenda jukwaani, wakampisha, wakamsukuma mgongoni kwa furaha, wengine wakampigia vigelegele, na kila alipotaka kugeuka kuna mkono uliomrudisha mbele. Alifika jukwaani akiwa na mfuko wake wa rambo kifuani.

"Mtani!" Nasri alimpokea kwa mikono miwili. "Unajificha kama hujalipa kodi! Hebu tukuone." Na kama mtani afanyavyo, akamvua pama.

Ukumbi ukavuta pumzi.

"Lahaula!" Nasri aliruka nyuma. "Mpaka mwanya! Jamani, mpaka mwanya! Haya mtani, tueleze, huyu malkia ni nani wako?"

Akampa kipaza sauti.

Pacha walitazamana. Mwanne alijua neno linalotakiwa kusemwa ili atoke pale salama. Na bado, msomaji wangu, moyo wake wote ulikuwa unamwomba Kulwa aseme lile jingine. Aseme huyu ni wangu. Aseme mbele za watu, mara moja tu, hata kama ukumbi utaanguka.

Kulwa alilamba midomo.

"Simjui," alisema.

"Humjui?"

"Simjui. Niliona bango, nikaona tumefanana, nikaja kumwangalia kwa karibu. Basi." Aliubana mfuko kifuani. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu, wa kiume. Alikufa. Nilimchimbia kaburi mwenyewe."

"Oooh, pole mtani," alisema Nasri, na utani ulimtoka usoni. "Pole sana."

"Pole," ukumbi uliitikia.

Julieth alikodoa macho. Kwa hili hakujiandaa.

Mnaona alichokifanya Kulwa? Alimwokoa. Kwa maneno yale Mwanne alikuwa anaondoka na taji, anakwenda Dar, hana doa. Na kwa imani ya kwao Kulwa alikuwa amelishindilia kaburi upya kwa mdomo wake, mbele ya mamia ya mashahidi, wakati Elieth amelala nyumbani anahesabu wiki. Alitoa alichokuwa nacho.

Mwanne aliyajua yote hayo. Alijua ni upendo, au ni woga, au ni vyote viwili, na kwa Kulwa havijawahi kutengana. Lakini masikio yake yalikuwa yamesikia kaka yake akimzika kwa mara ya pili, na safari hii alikuwa amesimama hapo hapo anaangalia. Watu wakisema pole. Taji lilikuwa linambana kichwani.

Nasri, akitaka kuirudisha shughuli kwenye furaha, alimpelekea kipaza sauti. "Na wewe malkia? Huyu bwana ndiyo mara ya kwanza kumwona, eti?"

Neno moja tu lilitosha. Eeh. Aseme eeh, apungie watu mkono, muziki upigwe.

Kulwa alikuwa anamtikisia kichwa, kidogo kidogo, akimsihi kwa macho.

"Namfahamu," alisema Mwanne.

Nasri alicheka kwa wasiwasi. "Unamfahamu? Kutoka wapi?"

"Kutoka tumboni." Alimgeukia pacha wake, na hakukuwa na ukali katika sauti yake, kulikuwa na uchovu tu. "Anaitwa Kulwa."

Ukumbi wa mji mwingine ungeuliza maana yake nini. Ule wa Tabora haukuuliza: penye Kulwa pana Doto, na Kulwa alikuwa ametoka kusema mdogo wake ni wa kiume. Minong'ono ilianza meza za mbele, ikaenda nyuma, ikarudi ikiwa mikubwa zaidi. Kuna waliosimama. Kuna waliotoa simu. Madam Magreth alikuwa anatazama uso wa huyu na uso wa huyu, na mkono wake ulikuwa umeanza kupanda taratibu kufunika mdomo. Nasri, mgeni wa pwani, alikuwa wa mwisho kuelewa kilichotokea.

Mlango wa ukumbi ukafungwa kwa nje. Aliyeufunga hakuonekana.

Yule mama wa meza ya mbele, aliyejipangusa macho kwa kitenge, alisimama. Alifunga kitenge vizuri kiunoni, akasogea mpaka chini ya jukwaa.

Mwanne alimsalimia kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema yule mama. "Huyu ni Kulwa, nimesikia, na Kulwa mwenyewe anasema mdogo wake wa kiume alikufa. Nakuuliza wewe, mwanangu. Doto yuko wapi?"